Mwanga na nafasi kwenye projekti ya studio: maswali mnayoniuliza kila muhula

Kila muhula projekti ya mwanga ikitolewa napata meseji zilezile kutoka kwa wadogo zangu wa usanifu majengo, mwaka wa kwanza na wa pili, na wengine siwafahamu kabisa wamepewa tu namba, kwa hiyo nimeona bora niyaandike majibu yote sehemu moja.

Ili mnielewe natokea wapi, projekti yangu mimi ilikuwa korido. Ile korido ya nyumba ya vyumba sita ya uswahilini Dar ambayo wote tunaijua: mlango wa mbele, vyumba vitatu huku vitatu kule, mwisho unatokea uani. Saa saba mchana jua kali nje, ndani unapapasa ukuta. Kuna binti wa darasa la nne alikuwa anafanyia kazi zake za shule kwenye kizingiti cha mlango wa mbele kwa sababu ndio sehemu pekee yenye mwanga, na kila mtu akitaka kupita anainua daftari, anabana miguu, mtu anapita, anashusha daftari. Nilikaa pale barazani kama saa moja nikahesabu kaliinua daftari mara kumi na nne. Projekti yangu ilianzia hapo na mengi ya hapa chini nimejifunza kwenye ile korido.

Brifu (karatasi ya maelekezo ya projekti) inasema "fanya majaribio ya mwanga na nafasi". Wanataka nini hasa?

Wanataka ubadilishe kitu kimoja, uone kimetokea nini, uandike, halafu ubadilishe kingine. Yaani jaribio kweli. Wengi mnaleta modeli (nyumba ndogo ya mfano) moja nzuri imekamilika na maelezo marefu, hilo sio jaribio, hiyo ni modeli. Chukua boksi moja, toboa tundu juu katikati, piga picha ndani. Ziba, toboa tundu la ukubwa uleule lakini kwenye kona karibu na ukuta, piga picha. Utashtuka. Tundu ni lilelile, jua ni lilelile, ila la katikati linakupa kidoa kikali sakafuni na kuta zinabaki gizani, na la pembeni linamwaga mwanga ukutani halafu ukuta wenyewe ndio unaangaza chumba. Chumba cha pili kinaonekana kikubwa wakati hujaongeza hata sentimita. Hiyo ndio mwanga na nafasi, imeisha, zingine zote zinatoka hapo.

Nianzie kwenye kompyuta au modeli ya mkono?

Mkono. Sina shida na SketchUp, ile programu ya kuchorea majengo, nimeitumia na nitaendelea kuitumia, kwa vivuli vya jua iko vizuri kabisa ukishaipa mji wako na mwelekeo sahihi. Shida ni mwanga unaodunda. Zile picha za kompyuta zinazong'aa mara nyingi zimewekewa mwanga wa bandia na programu yenyewe ili picha ipendeze, wewe unadhani chumba chako kina mwanga kumbe programu imekusaidia. Boksi haliongezi kitu, kama chumba ni giza utaona giza.

Kwani modeli ndogo inaweza kuonyesha mwanga wa chumba kizima?

Inaweza, na hii ndio sababu napenda sana mwanga kuliko vitu vingine vya studio. Modeli ndogo ya joto inadanganya, ya upepo inadanganya, ya uimara wa zege inadanganya, lakini mwanga haujali skeli, yaani umeipunguza modeli mara ngapi. Mawimbi yake ni madogo mno, hata boksi la viatu kwake ni ukumbi. Ukitunza vipimo sawasawa na rangi za ndani zikawa sawa na za ukweli, mwanga unaoangukia sakafu ya modeli ni uleule utakaoangukia sakafu ya chumba. Masharti mawili tu lakini ndipo watu wanapoanguka: unene wa ukuta unasahaulika (ukuta wa tofali wa sentimita 15 ukiukata kwa karatasi nyembamba dirisha lako linapata mwanga zaidi ya haki yake), na kwenye maungio kunavuja. Kabla ya kupima chochote ziba matundu yote, funika modeli, chungulia. Ukiona mstari wa mwanga kwenye kona weka teipu nyeusi kwa nje.

Skeli gani? Vifaa gani? Sina hela.

1:20 kwa chumba, 1:10 ukitaka kuingiza kamera vizuri. Kwa 1:20 mtoto wa sentimita 120 anakuwa na urefu wa sentimita 6, mkate kwenye karatasi ya manila umsimamishe, bila mtu ndani hujui unaangalia nini. Maboksi ya dukani yanatosha, omba ya sabuni au ya mafuta, ni magumu. Ndani bandika karatasi nyeupe ya kawaida, nje funika na nyeusi au foili. Kisu chenye wembe mpya, rula ya chuma, gundi nyeupe. Paa lisigundishwe, liwe la kufunua, maana ndilo utakalolibadilisha mara ishirini.

Gundi ya moto achana nayo. Modeli yangu ya kwanza niliiacha juani kuanzia saa nne nikaenda kula, niliporudi saa saba gundi imelainika, kofia ya paa (nitaieleza chini) imeteleza imelala ndani ya korido na mtu wangu wa manila kalala chini yake. Wiki nzima ya kazi. Ile ya pili niliijenga kwa gundi nyeupe usiku kucha, na kiukweli ilitoka bora kwa sababu mkono ulishajua.

Naweza kutumia tochi ya simu badala ya jua?

Kwa kucheza na vivuli usiku sawa, kwa kupima hapana. Tochi iko karibu, miale yake inatanuka, kwa hiyo vivuli vinatanuka na mwanga unapungua haraka kadiri unavyoenda mbali nayo: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Jua liko kama kilomita milioni 150, miale yake ikifika kwetu ni kama imenyooka sambamba. Na sisi jua tunalo bure, mwaka mzima, nje ya mlango wa studio! Wenzetu wa nchi za baridi wanajenga mashine za kuigiza jua ndani ya chumba.

Njia ya kulitumia ni hii. Unachora saa ya jua ya mji wako, kale kamchoro kenye mistari ya saa na miezi, unasimamisha kijiti chake cha urefu uliopangwa, unaubandika kwenye ubao pamoja na modeli, kaskazini ya mchoro na kaskazini ya modeli zielekee upande mmoja. Halafu unaushika ubao wote unauinamisha na kuuzungusha taratibu mpaka ncha ya kivuli cha kijiti iguse, mfano, saa kumi jioni ya Desemba. Pale pale jua la leo linaingia kwenye modeli kama litakavyoingia Desemba saa kumi. Mtu mmoja ashike ubao, mwingine achungulie, wa tatu apige picha. Ndani ya nusu saa mmeshaona mwaka mzima.

Vitabu vinasema dirisha la kaskazini lina mwanga mtulivu. Nimelielekeza kaskazini, sawa?

Hili ndilo swali linaloniuma zaidi kwa sababu hata mimi nilikopi hivyohivyo. Vile vitabu viliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, kwao jua halipiti kaskazini mchana. Dar iko kama nyuzi 6.8 kusini ya ikweta. Jua la mchana linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 3 au 4 Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, yaani miezi saba, jua la mchana liko upande wa KASKAZINI. Ile mitano iliyobaki liko kusini. Kwa hiyo dirisha lako tulivu la kaskazini linapigwa jua Juni nzima.

Habari njema ni kwamba jua la mchana liko juu sana, ni rahisi kulizuia. Tarehe 21 Juni Dar linafika kama nyuzi 60, Desemba upande wa kusini kama nyuzi 73. Dirisha la urefu wa mita 1.2, kaskazini unahitaji upenu wa kama sentimita 70 kulikinga lote saa ya mchana, kusini hata sentimita 36 zinatosha. Ila magharibi saa kumi jioni jua liko kama nyuzi 30 tu, dirisha lilelile lingetaka upenu wa kama mita mbili. Ndio maana wazee wetu huko magharibi wanapanda mwembe au wanaweka baraza, sio kwa ajili ya mapambo. Ukiwa Nairobi au Mwanza namba zinasogea kidogo lakini hadithi ni ileile.

Na mchana wa jua wa Dar sio saa sita kamili, ni kama saa sita na dakika ishirini hivi, inacheza cheza kwa mwaka. Ukipima saa sita kamili usishangae kivuli hakijakaa katikati.

Mwanga kiasi gani unatosha? Nikiweka mwingi si ndio vizuri?

Hapana, na hapa ndio moyo wa jambo lenyewe kwa huku kwetu. Jua la moja kwa moja nje ni kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Meza ya kusomea darasani kipimo kinachotumika sana ni laksi 300. Piga hesabu mwenyewe: unahitaji sehemu moja tu kati ya mia tatu na kitu ya kile kilicho nje. Sisi hatuna uhaba wa mwanga, hata kidogo. Tuna mwanga mkali mno nje na giza ndani, na kati yao hamna kitu. Ukitoboa paa ukaacha jua liingie kavukavu, mtoto anapata kidoa cheupe juu ya daftari jeupe, macho yanabana, na kilicho nje ya kidoa kinaonekana cheusi kuliko mwanzo. Pamoja na joto.

Kwa hiyo kazi yako sio kuingiza jua, ni kuligongesha kwenye kitu kwanza. Ligonge ukuta, ligonge upenu, ligonge sakafu ya uani iliyosakafiwa, lipite kwenye matofali ya matundu, halafu ndio liingie. Mimi nililiita kwenye mabango yangu mwanga uliochujwa, kama nazi: tui unalitaka, machicha yabaki kwenye kifumbu.

Kwenye ile korido nilijaribu njia tatu. Ya kwanza mabati mawili ya plastiki angavu kwenye paa, ile ambayo kila fundi atakwambia. Mwanga ulijaa lakini ulikuwa mstari mkali unaotembea ukutani na saa saba ulikuwa sakafuni katikati unachoma. Ya pili matofali ya matundu juu ya milango ya vyumba, mwanga ukaja laini sana lakini kidogo, na ukatoka vyumbani kwa watu, faragha ikaondoka. Ya tatu niliinua kipande cha paa juu ya korido kama kofia, pembeni kukawa wazi kwa matofali ya matundu, na dari la ile kofia nikalipaka nyeupe. Jua halikuona sakafu hata dakika moja, lilidunda juu kwenye dari jeupe halafu likashuka. Nilipochungulia nilinyamaza. Korido ilikuwa na rangi kama ya maziwa, hamna kivuli kikali popote, na yule mtu wa manila wa sentimita 6 alionekana mpaka uso ambao sikumchora.

Napimaje laksi bila kifaa?

Programu ya simu inatosha kwa kulinganisha. Usiiamini kama namba ya mwisho, simu mbili zitakupa majibu mawili, lakini simu moja ileile ndani na nje inatosha kupata uwiano. Fanya siku ya mawingu mazito, pima nje uwanjani, pima ndani, gawanya. Ukipata asilimia 2 kwenye sehemu ya kukaa uko pazuri kwa kusoma. Simu haiingii kwenye modeli ya 1:20, ingekuwa kama kabati la mita tatu limelala ndani, kwa hiyo kata mpasuko sakafuni uingize ncha ya juu tu, sensa ya mwanga kwa kawaida iko pale karibu na kamera ya selfi.

Kumbuka kutoa kwenye hesabu mwanga unaoliwa na kioo, hata kikiwa safi kinakula kama asilimia 10, na wavu wa mbu wenye vumbi unakula zaidi ya hapo.

Picha zangu za modeli zote zinatoka na mwanga sawa, kwanini?

Kamera inajirekebisha yenyewe. Giza ikiona inaongeza, mwanga mwingi inapunguza, mwisho majaribio yako kumi yanafanana. Bonyeza skrini mpaka ifunge mwanga, halafu piga zote bila kuifungua. Na weka lenzi kwenye usawa wa jicho la mtu, kwa 1:20 aliyesimama ni kama sentimita 7.5 toka sakafuni, mtoto aliyekaa ni 4 au 5. Picha ya kutoka juu kama ndege inaonyesha modeli, haionyeshi chumba.

Rangi za ndani zina umuhimu au nitapaka mwishoni?

Zina umuhimu kuliko ukubwa wa dirisha, mara nyingine. Chokaa nyeupe safi inarudisha kama asilimia 80 ya mwanga, saruji isiyopakwa kama 30. Mwanga ukidunda mara mbili kwenye chokaa unabaki na 64 kati ya mia. Kwenye saruji unabaki na 9. Dirisha lilelile! Ndoo ya chokaa ni rahisi kuliko fremu mpya ya aluminiamu, mwambie hivyo mteja wako wa kwanza.

Jaribu na hili: kata kipande cha khanga nyekundu ukibandike kwenye ukuta mmoja unaopigwa na jua, halafu angalia ukuta wa pili ambao hujaugusa. Ukuta umeona haya, umekuwa mwekundu. Sijawahi kumwonyesha mtu hiyo akaondoka bila kutaka kujaribu na ya kijani.

Giza je? Mwalimu kasema chumba changu "kinang'aa kila mahali".

Yuko sahihi. Jicho linahitaji giza ili lione mwanga. Nyumba za mawe za Lamu zilijua hili zamani: unaanzia daka (kibaraza) nje kwenye mlango, unaingia, unakutana na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, mwanga wote uko pale, halafu misana (kumbi ndefu nyembamba) moja baada ya nyingine kila ukiingia mwanga unapungua, mpaka ndani kabisa penye zidaka (vishubaka vya ukutani) kwenye plasta ya chokaa ambapo mwanga ni mabaki tu, na kila kidaka kinashika kivuli chake. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, na huo wembamba ndio unaofanya mwanga wa kiwanda ufike. Faragha, mti na mwanga vimepangwa kwa mpango mmoja. Mtu akitoka juani akaingia mpaka ndani macho yake yamepewa muda wa kuzoea, hatua kwa hatua. Modeli yako ipe mahali pa giza, na ujue kwanini pako pale.

Niende nikaone majengo gani?

Mji Mkongwe Zanzibar na Lamu ukiweza nauli, nenda saa nne asubuhi na urudi palepale saa kumi. Dar, nenda Kariakoo. Soko kuu alilisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, ile miavuli mikubwa ya zege inatoa kivuli, inakusanya maji ya mvua, na inaruhusu hewa na mwanga kuingia. Jengo moja limefanya kazi zote hizo. Liliungua Julai 2021, kwa hiyo tafuta na picha za zamani za ndani ulinganishe.

Za mbali ziangalie kwenye picha: Pantheon ya Rome, kuba la mita 43 na tundu moja tu juu kama mita 9, kanisa la msanifu Tadao Ando kule Ibaraki Japani la 1989, ukuta wa zege umepasuliwa msalaba basi, na kile chombo cha chuma na kioo kinachozunguka cha msanii Moholy-Nagy cha 1930, kilichotengenezwa ili vivuli vyake viguse kuta. Ila usiikopi ya Ando. Kila muhula naona misalaba minne ya boksi.

Ile chupa ya maji kwenye bati inakubalika kama wazo?

Inakubalika na ni nzuri. Fundi wa Brazil, Alfredo Moser, aliianza 2002: chupa ya plastiki ya lita mbili, maji na klorini kidogo ili yasiote mwani, unaipitisha kwenye bati nusu nje nusu ndani. Maji yanavunja mwanga na kuutawanya pande zote, inafikia kama balbu ya wati 40 mpaka 60 jua likiwa kali. Kinachoshinda wengi ni kuziba vizuri mvua isipenye. Ukiitumia usiishie kuichora tu, tengeneza moja, weka kwenye boksi kubwa lenye ukubwa wa kuingiza kichwa, uone.

Siku ya presentesheni nionyesheje?

Waambie watoke nje. Omba kabisa mapema, dakika tano, modeli juani, kila mmoja achungulie. Kama hawatoki, panga picha zako kwa safu, jaribio moja juu ya jingine, pembe ileile, saa ileile, na chini ya kila picha mstari mmoja: nilibadilisha nini. Jaribio lililoshindwa liweke pia. Mimi waliniuliza maswali mengi kwenye mabati ya plastiki kuliko kwenye kofia.

Kuna haja ya kuwaonyesha watu wa ile nyumba?

Ndio, na kabla ya presentesheni sio baada. Niliipeleka ile modeli ya pili kwenye korido Jumapili moja, nikaiweka barazani. Yule binti akachungulia kwenye tundu la kamera, akakaa muda mrefu sana, akatoa jicho akasema, "Dada, mbona ndoo za maji hazipo? Na jiko la mama Asha linakaa hapa." Alikuwa anaonyesha kwa kidole upande wa kushoto, palepale nilipokuwa nimemchorea benchi la kusomea. Tulikata ndoo sita za manila na jiko moja tukiwa tumekaa chini, yeye akaziweka mahali pake moja moja, na benchi likahamia upande wa pili chini ya kofia, karibu na mlango wao.